Beryl Markham, rubani aliyeishi kwa kubeba mizigo ya wengine

Siku za soko pale Mpondwe, kabla jua halijapanda juu ya Bwera, hesabu huwa zimekwisha kuanza. Mwenye magunia ya kahawa anauliza bei ya upande wa Kasindi. Mwenye vitenge anakadiria nauli ya gari mpaka Kasese. Mwenye chumvi ya Katwe anaitazama milima ya Rwenzori, kwa sababu mvua ikishuka mapema mzigo wake utayeyuka njiani. Mzigo una uzito gani? Mafuta yatatosha kwenda na kurudi? Karatasi ziko sawa? Hali ya hewa itabadilika saa ngapi? Maswali hayo manne ndiyo yanayoamua nani atarudi nyumbani na faida.

Katika miaka ya 1930, maswali hayo hayo manne yalikuwa yakiamua nani atarudi nyumbani akiwa hai. Aliyeyajibu kila asubuhi kwa ajili ya riziki yake alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyezungumza Kiswahili tangu utotoni na kumiliki ndege ndogo ya viti viwili. Jina lake Beryl Markham. Dunia inamkumbuka kwa safari moja tu, ile ya kuvuka bahari ya Atlantiki mwaka 1936. Lakini kazi iliyomfundisha kuivuka bahari ile aliifanya hapa, katika anga la Afrika Mashariki, akibeba barua, dawa, vipuri na watu.

Mtoto wa Njoro

Alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902, akaitwa Beryl Clutterbuck. Alipofika umri wa miaka minne hivi, baba yake, Charles Clutterbuck, aliihamishia familia katika koloni la Waingereza ambalo baadaye liliitwa Kenya, akafungua shamba Njoro, kwenye Bonde la Ufa. Mama hakuyaweza maisha yale. Alirudi Uingereza pamoja na kaka yake Beryl, na msichana akabaki na baba.

Baba alikuwa mtu wa kazi nyingi: kinu cha unga, mbao, na zaidi ya yote farasi wa mashindano. Mtoto alilelewa zaidi na wafanyakazi wa shamba na familia za Wakalenjin waliokuwa jirani. Alikimbia na watoto wa kiume, akajifunza kurusha mkuki na kufuata nyayo za wanyama. Rafiki yake mkubwa wa utotoni alikuwa mvulana aliyeitwa Kibii, ambaye baada ya kutahiriwa alichukua jina la arap Ruta. Urafiki huo utarudi tena katika habari hii, na hautarudi kama ulivyoanza.

Beryl alipokaribia miaka 17 aliozwa kwa mkulima jirani, Jock Purves. Muda si mrefu ukame ulimwangusha baba yake. Clutterbuck alikuwa amekubali mikataba ya kutoa unga kwa bei iliyopangwa, mvua zikakosekana, nafaka ikapanda bei, naye akalazimika kununua ghali na kuuza rahisi mpaka shamba likaisha. Kila mfanyabiashara anaijua hasara ya namna hiyo. Baba aliondoka kwenda Peru kuwafunza farasi wa watu wengine. Binti alibaki na ufundi aliourithi na bila mtaji wowote.

Ufundi ule ulimtosha kuanza. Alikuwa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kupewa leseni ya kufunza farasi wa mashindano, akiwa bado na umri ambao wengi wangemwita mtoto. Mwaka 1926 farasi aliyemfunza, Wise Child, alishinda mbio kubwa za St Leger jijini Nairobi. Mwaka uliofuata aliolewa mara ya pili, na Mansfield Markham, Mwingereza tajiri aliyempa jina alilolitumia mpaka kufa. Mtoto wao wa kiume, Gervase, alizaliwa London mwaka 1929. Ndoa haikudumu, na mtoto alilelewa Uingereza na ndugu wa baba yake. Beryl alirudi Kenya peke yake, na sehemu hiyo ya maisha yake haikupata kutengenezwa vizuri hata baadaye.

Anga linafunguliwa

Alirudi wakati biashara mpya ilikuwa inazaliwa. Mwaka 1929 mjane mmoja wa Nairobi, Florence Kerr Wilson, aliweka fedha zake katika shirika dogo la ndege lililoitwa Wilson Airways. Rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black, mwanajeshi wa zamani wa vita kuu ya kwanza aliyekuwa amekuja kulima Kenya. Uwanja wa Wilson, ambako ndege za miraa na za watalii huondokea leo, unabeba jina la mjane huyo.

Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianza safari za kila wiki kutoka London mpaka Mwanza. Njia yake ilifuata mto Nile na maziwa: Khartoum, Juba, Butiaba kwenye Ziwa Albert, Port Bell, Kisumu, kisha Mwanza. Kwa hiyo magharibi mwa Uganda palipata kituo cha ndege za kimataifa mapema sana. Hapakuwa Kasese. Ndege za njia ile zilikuwa za kutua majini, nazo zilihitaji ziwa tulivu na nafasi ya kutosha. Kasese ya siku zile ilikuwa haijawa mji. Reli iliifikia mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Na juu yake ulisimama mlima wenye kilele cha mita 5,109, unaofunikwa na mawingu siku nyingi za mwaka. Ndege za wakati ule ziliuzunguka kwa mbali.

Campbell Black ndiye aliyemfundisha Beryl. Hakumfundisha kwa upole. Alitaka mwanafunzi wake aamini dira na hesabu kabla ya kuamini macho, kwa sababu rubani aliyechoka huona uwanja mahali ambapo hakuna uwanja.

Somo hilo lilikuja pamoja na msiba. Mei 1931 Denys Finch Hatton, mwindaji maarufu na rafiki yao, alikuwa akienda Voi kujaribu kutafuta tembo kwa kutumia ndege. Kwa maelezo ya Beryl mwenyewe, alikuwa amealikwa katika safari ile, na Campbell Black akamsihi asiende. Tarehe 14 Mei ndege ya Finch Hatton ilianguka mara baada ya kuruka kutoka Voi, ikawaka moto. Aliyekufa pamoja naye ni msaidizi wake, Kamau. Vitabu vingi vimeandikwa kuhusu Finch Hatton. Kuhusu Kamau kuna mstari mmoja au miwili.

Mwezi mmoja baadaye Beryl aliruka peke yake kwa mara ya kwanza. Mwaka huo huo wa 1931 alipata leseni ya urubani, na Aprili 1932 aliendesha ndege yake mwenyewe, Avro Avian, kutoka Kenya mpaka Uingereza.

Leseni ya kuuza safari

Leseni ya kwanza ilimruhusu kujirusha mwenyewe. Haikumruhusu kumtoza mtu hata shilingi moja. Ili aishi kwa urubani alihitaji leseni ya daraja la pili, iliyoitwa B. Mtahiniwa alipaswa kuijua injini kwa ndani, kufungua na kusafisha vipande vyake, kusoma ramani na nyota, kuruka usiku, na kujua sheria za anga. Aliipata mwaka 1933. Hapakuwa na mwanamke mwingine Kenya aliyekuwa nayo.

Tangu hapo alikuwa rubani wa kukodi. Hakuwa na mshahara. Alipanga kijumba katika Klabu ya Muthaiga, na kazi ilikuja kwa simu au telegramu, mara nyingi usiku. Mchimba dhahabu wa Kakamega anataka kipuri cha mashine. Mgonjwa yuko mahali pasipo daktari. Mwenye shamba anataka kufika Nairobi kabla ya benki kufungwa. Barua zimekwama. Alichukua mizigo ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Sudan, na baina ya safari aliitunza ndege mwenyewe.

Siku yake ya kazi ilianza kabla ya alfajiri, na sababu haikuwa bidii peke yake. Ndege hubebwa na hewa, na hewa ya joto ni nyepesi, kama ilivyo hewa ya mahali pa juu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ndege inayonyanyuka kirahisi saa kumi na mbili asubuhi inaweza kushindwa kunyanyuka saa saba mchana ikiwa na mzigo ule ule. Kwa hiyo rubani alikuwa na njia tatu: aondoke mapema, apunguze mafuta, au apunguze mzigo. Kupunguza mafuta kulimaanisha kutofika mbali. Kupunguza mzigo kulimaanisha kupunguza malipo. Anayepanda na gari kutoka Mpondwe akijua kwamba kilo za ziada zitaliua gari mlimani anaielewa hesabu hii bila kufundishwa.

Kisha lilikuja suala la uwanja. Sehemu nyingi alizotua hazikuwa na uwanja, zilikuwa na nyika iliyofyekwa. Aliruka chini mara moja kufukuza pundamilia na nyumbu, akatazama kama kuna mashimo ya wanyama au mawe, ndipo akageuka kutua. Ramani zilikuwa na nafasi nyeupe mahali ambapo mpimaji hakuwahi kufika. Redio hapakuwa nayo. Ukikosea mahali, hakuna wa kumuuliza.

Usiku mmoja wa mwaka 1935, kama alivyosimulia baadaye katika kitabu chake, aliombwa kupeleka mtungi wa oksijeni Nungwe, machimbo ya dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria, ambako mchimbaji alikuwa anakufa kwa maradhi ya mapafu. Safari ilikuwa ya gizani, juu ya nchi isiyo na taa, na mwisho wake ilikuwepo nafasi ndogo iliyowekewa mienge ya mafuta. Alifika na mtungi ukafika, lakini oksijeni haikutosha kumponya yule mtu. Aliporudi aligeuza njia kumtafuta rubani mwenzake aliyepotea na ndege yake kwenye nyika ya Serengeti, akamwona kutoka angani, akatua na kumchukua akiwa hai.

Hiyo ndiyo ilikuwa mizani ya kazi ile. Safari moja ilikuwa na hasara na faida kwa pamoja, na malipo yake yalikuwa yale yale.

Tembo na mafuriko

Mizigo ya kawaida haikutosha kulisha ndege. Beryl alichukua kazi ambayo wengi waliiogopa tangu kifo cha Finch Hatton: kuwatafuta tembo kwa ajili ya wawindaji matajiri, hasa wateja wa Bror Blixen, mwindaji Mswidi. Aliruka juu ya vichaka vya Ukambani, na akiona kundi lenye dume la pembe kubwa aliandika ujumbe, akautia katika mfuko wenye utepe wa rangi ya samawati na dhahabu, akauangusha kambini. Kazi ililipa vizuri. Ilikuwa pia kazi ambayo leo ingemfikisha rubani mahakamani, na Beryl mwenyewe aliandika bila kuficha kwamba haikumstarehesha moyo.

Mara moja mvua zilifurika wakati Blixen na mteja wake walikuwa uwandani, huko nyanda za Yatta. Mito ilijaa pande zote, chakula kikapungua. Wapagazi walifyeka kipande cha ardhi katikati ya miti. Kilikuwa kifupi mno kwa ndege iliyojaa. Beryl alifanya kile ambacho mwenye boti hufanya mtoni: aliwavusha mmoja mmoja. Kila safari alitua katika nafasi ile ile fupi, akapakia mtu mmoja, akaondoka, akarudi. Haraka ingekuwa kuwapakia wote. Haraka ingewaua wote.

Aliyebaki chini

Arap Ruta alikuwa amemfuata Beryl kutoka kwenye mazizi ya farasi mpaka kwenye banda la ndege. Alikagua waya na vitambaa vya mabawa, akajaza mafuta, akazungusha pangaboi kuwasha injini. Alijua sauti ya injini nzuri na sauti ya injini inayougua. Utotoni walikuwa wamekimbia bega kwa bega. Sasa mmoja alikaa kwenye usukani na mwingine akamwita bwana mkubwa wa kike.

Ukweli huu hauwezi kufichwa katika maisha ya Beryl Markham. Katika Kenya ya wakati ule mwanamke wa Kizungu alipambana na milango iliyofungwa, akaifungua baadhi. Kwa Mwafrika mwenye akili na mikono ile ile mlango haukuwepo kabisa. Beryl alimwandika arap Ruta kwa heshima na mapenzi, pengine kuliko alivyowaandika waume zake. Hata hivyo leseni ilikuwa na jina moja tu.

Karatasi za mpakani

Kuna wanaodhani kwamba angani hakuna forodha. Beryl aliujua ukweli. Kutoka Kenya mpaka Uingereza ilibidi kupita Uganda, Sudan, Misri na Libya, na kila mahali palikuwa na afisa, muhuri na ada.

Sudan palikuwa na kikwazo cha ziada. Kwa maelezo yake, mwanamke hakuruhusiwa kuruka peke yake kati ya Juba na Wadi Halfa bila kibali maalumu cha wakuu wa jeshi la anga waliokaa Khartoum. Sababu ilikuwa vinamasi vya Sudd, ambako ndege ikianguka haionekani tena. Ndege ya mwanamume ikianguka pale ingezama vilevile, lakini yeye hakuombwa kibali hicho. Campbell Black mwenyewe alikuwa amepata sifa mwaka 1931 kwa kumwokoa huko Sudan rubani mashuhuri wa Kijerumani, Ernst Udet, aliyekwama na ndege yake. Umahiri wa kiume haukuwa kinga.

Mwaka 1936 Beryl alisafiri tena kwenda London, safari hii akiwa na Blixen. Libya ilikuwa chini ya Waitalia, na Italia ilikuwa vitani nchini Ethiopia. Ndege ndogo yenye herufi za koloni la Waingereza ilitiliwa shaka katika kila uwanja. Walizuiliwa, wakaulizwa, wakasubirishwa. Karatasi zao zilikuwa sahihi, lakini usahihi wa karatasi haukuwafupishia safari hata kidogo. Wanaovuka mto Lhubiriha kila wiki wakiwa na risiti zote mkononi, na bado wakaambiwa wasubiri kivulini, hawatashangaa.

Bahari bila kipimo

London ndiko alikopata ombi lililombadilishia maisha. John Carberry, mkazi wa Nyeri aliyependa ndege, alikuwa ameagiza Percival Vega Gull mpya kwa ajili ya mashindano ya kuruka kutoka Uingereza mpaka Johannesburg. Alikubali kumwazima Beryl ndege hiyo aijaribu Atlantiki kwanza, kwa sharti irudi kabla ya mashindano ya mwishoni mwa Septemba. Ndege ilisajiliwa Kenya, kwa herufi VP-KCC, ikaitwa The Messenger, yaani Mjumbe.

Wengine walikuwa wamekwisha kuivuka Atlantiki. Wengi wao waliivuka kutoka Marekani kuja Ulaya, kwa sababu pepo za huko huvuma kutoka magharibi na humsukuma rubani mgongoni. Kwenda upande wa pili ni kama kupanda mto kwa kasia. Mafuta yanayotosha kwa saa nyingi upande mmoja hayatoshi upande mwingine. Hapakuwa na mwanamke aliyeimaliza njia hiyo peke yake kutoka Uingereza bila kutua.

Tarehe 4 Septemba 1936, jioni, hali ya hewa ikiwa mbaya, alipaa kutoka uwanja wa jeshi wa Abingdon. Matangi ya ziada yalijaza nafasi ya abiria. Hayakuwa na vipimo. Njia pekee ya kujua kwamba tangi limekwisha ni kusubiri injini izimike, kisha kupapasa gizani na kufungua bomba la tangi linalofuata, kabla ndege haijaifikia bahari. Redio hakuwa nayo. Usiku kucha aliruka ndani ya mvua na mawingu, akitegemea dira na saa.

Hapa ndipo miaka ya Nungwe na Yatta ilipomlipa. Mtu aliyezoea kuhesabu mafuta kwa dakika, aliyezoea kuruka gizani kuelekea mahali asipopaona, hakushangazwa na bahari. Injini ilipozimika mara ya kwanza alingoja, akapapasa, ikawaka.

Asubuhi aliiona nchi kavu ya Kanada. Kisha injini ikaanza kukohoa tena, na safari hii tangi lilikuwa na mafuta. Barafu iliziba njia ya hewa ya tangi, mafuta yakashindwa kushuka. Baada ya zaidi ya saa 21 angani alitafuta mahali pa kutua kwenye ufuko wa Baleine, kisiwa cha Cape Breton. Palionekana pana na sawa. Palikuwa kinamasi. Magurudumu yalizama, pua ya ndege ikachimba tope, na Beryl akatoka na jeraha la kichwa, akatembea mpaka akakutana na wavuvi.

Alikuwa amekusudia kufika New York, hakufika kwa mabawa yake. New York ilimpokea hata hivyo, kwa magari na umati barabarani. Ndege iliyokuwa na herufi za Kenya ilikuwa imeivuka bahari.

Furaha ilidumu wiki mbili. Tarehe 19 Septemba 1936 Campbell Black, aliyeshinda mashindano makubwa ya London mpaka Melbourne mwaka 1934, alikuwa ameketi ndani ya ndege yake katika uwanja wa Speke, Liverpool. Ndege ya jeshi iliyokuwa ikitembea ardhini haikumwona, ikamgonga. Alikufa siku hiyo hiyo, mwalimu aliyemfundisha Beryl kutoamini macho.

Miaka ya kusahauliwa

Umaarufu haukumlipia kodi. Beryl alihamia Marekani, na mwaka 1942 alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake, West with the Night. Wahakiki walikisifu, lakini nchi ilikuwa vitani na kitabu kikazama. Mpaka leo wapo wanaobishana kama aliandika peke yake au kwa msaada mkubwa wa mume wake wa tatu, mwandishi Raoul Schumacher. Ndoa hiyo nayo ilikwisha.

Baadaye alirudi Kenya. Hakurudi kwenye urubani. Wilson Airways ilikuwa imekwisha, ndege zake zikiwa zimechukuliwa na serikali vita vilipoanza. Mahali pake, tangu Januari 1946, palikuwa na East African Airways, shirika lililomilikiwa kwa pamoja na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Anga la rubani wa kukodi lilikuwa limekuwa anga la ratiba. Beryl alirudi kwenye kazi ya baba yake, akawafunza farasi, akashinda Derby ya Kenya mara kadhaa.

Alizeeka katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, akiwa hana fedha. Kilichomwokoa ni barua. Katika barua za mwandishi Ernest Hemingway iligundulika kwamba alikuwa amekisifu mno kitabu cha Beryl. Wachapishaji wa Marekani walikitoa upya mwaka 1983, miaka 41 baada ya toleo la kwanza, na safari hii kikauzwa sana. Kwa miaka mitatu ya mwisho aliishi bila deni. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 83.

Herufi ubavuni

East African Airways haikumfikia mwanamke huyo kwa umri. Ilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, nchi zikagawana ndege na madeni. Jumuiya ya sasa ilianza kazi Julai 2000, na mwaka 2022 iliipokea Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa mujibu wa mkataba huo Bwera na Kasindi ziko nyumba moja. Mawe, mizani na foleni za mpakani bado zinachukua muda kulizoea jambo hilo.

Ndege ndogo hazijaacha kazi ya Beryl. Kwenye viwanja vifupi vya magharibi mwa Uganda, Kasese, Mweya na Kihihi, bado rubani hutazama kwanza mlima, kisha mafuta, kisha mizani. Ubavuni mwa kila ndege zimeandikwa herufi za nchi yake. Zamani zilikuwa VP-K kwa Kenya, VP-U kwa Uganda, VR-T kwa Tanganyika na VP-Z kwa Zanzibar, zote za dola moja iliyokuwa mbali. Leo 5X ni Uganda, 5Y ni Kenya, 5H ni Tanzania na 9Q ni Kongo. Na kwenye usukani wa ndege hizo hukaa watu ambao, katika siku za arap Ruta, wangeishia kuzungusha pangaboi na kubaki chini wakitazama.